Visanduku vya Mifupa vya Köln: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu visanduku vidogo vya mbao vilivyofunikwa kwa mifupa ya kuchongwa, vilivyotengenezwa Ujerumani, hasa katika mji wa Köln, kuanzia miaka ya 1150 hadi 1220 hivi, kwa ajili ya kuhifadhi masalia ya watakatifu. Maswali nimeyapata kwa ndugu, marafiki na wageni niliowahi kusimama nao mbele ya kabati la kioo huku macho yao yakikimbilia dhahabu ya chumba cha pili. Wengi wao waligeuka na kurudi kwenye kabati baada ya kuuliza swali la kwanza tu. Nimeyaandika majibu kwa ajili ya wengine watakaopita hapo.

Kisanduku chenyewe kikoje?

Chukua kisanduku cha shubiri moja, au moja na nusu. Mwili wake ni mbao, mara nyingi mwaloni. Nje kote kimevikwa vipande bapa vya mfupa, kila kimoja kimepigiliwa kwa vijiti vyembamba vya mfupa au vimisumari vya shaba. Kifuniko kimeinuka kama paa la nyumba lenye miteremko minne. Kuna vingine vya umbo la mnara wa pembe sita au nane wenye kilele kilichochongoka, na vichache ni kanisa zima dogo lenye kuba. Kwenye kuta wamesimama watu, kila mmoja chini ya tao lake, kati ya nguzo mbili.

Aliyekulia karibu na makasha ya pwani yenye njumu ataelewa mara moja jinsi kinavyofanya kazi: mbao ndiyo inayobeba, na urembo umepachikwa juu yake.

Masalia ni nini?

Ni mabaki ya mwili wa mtakatifu, kama kipande cha mfupa, jino au nywele, au ni kitu kilichomgusa, kama kitambaa cha nguo yake au udongo wa kaburi lake. Ndani ya kisanduku masalia hayakutupwa ovyo. Yalifungwa katika kipande cha hariri, yakazungushiwa uzi, kisha yakafungiwa ukanda mwembamba wa ngozi ya kuandikia wenye jina la mtakatifu. Ukanda huo ndio cheti chake. Ukipotea, aliyefungua kisanduku miaka mia baadaye hana tena njia ya kujua anachokishika ni cha nani.

Kanisa lilikuwa na sheria zake. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, uliagiza kwamba makanisa yaliyowekwa wakfu bila masalia yapewe masalia. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukakataza kuyaonyesha masalia ya kale nje ya chombo chake na kuyauza. Ukitazama tarehe hizo utaona kwa nini vyombo vilihitajika kwa wingi: kila altare ilihitaji masalia yake, na masalia yalihitaji pa kukaa.

Kwa hiyo walikuwa wanaabudu mifupa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami hupenda likiulizwa wazi. Mafundisho ya Kanisa yalitenganisha ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima, ambayo mtu humpa mtakatifu kama rafiki wa Mungu. Mwili wa mtakatifu ulionekana kuwa ahadi: huyu atafufuka, na akifufuka ataudai mwili wake, basi tumtunzie. Mkulima aliyelala kando ya altare akiomba mwanawe apone huenda hakuipima mipaka hiyo kwa mizani ya wanateolojia, na viongozi wa Kanisa wenyewe walilalamikia jambo hilo mara nyingi.

Hili si jambo la Ulaya ya zamani tu. Mahujaji wanaofika Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni wanaijua heshima ya namna hii kwa Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake.

Kwa nini Köln hasa, na si mji mwingine?

Kwa sababu Köln ilijikuta imekalia mifupa mingi kuliko ilivyoweza kuhifadhi.

Mwaka 1106 ukuta wa mji ulikuwa unapanuliwa, na wachimbaji karibu na kanisa la Mtakatifu Ursula wakakutana na makaburi mengi ya enzi ya Warumi. Wenyeji walikuwa tayari na simulizi ya binti mfalme Ursula kutoka Britania, aliyeuawa na Wahunni, kabila la wapiganaji kutoka Asia, pamoja na wanawali wenzake 11,000. Makaburi yakafunguliwa na watu wakasema: hawa ndio wao. Wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ya 11,000 ilizaliwa na kusomwa vibaya kwa maandishi ya kale yaliyotaja wanawali kumi na mmoja tu, lakini kwa mtu wa karne ya 12 ushahidi ulikuwa ukitoka ardhini kila jembe lilipozama.

Palikuwa na tatizo: ndani ya makaburi yale mlikuwa pia na mifupa ya wanaume na ya watoto. Mtawa mmoja aliyejulikana kwa maono yake, Elisabeth wa Schönau, aliulizwa, naye katika miaka ya 1150 akaeleza kwamba wanawali wale walifuatana na maaskofu, jamaa zao, na hata papa. Majina yakapatikana. Mifupa ikaanza safari kwenda makanisa na monasteri za nchi nyingi, na inayosafiri huhitaji kasha.

Kisha mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald wa Dassel akaleta kutoka Milano masalia yaliyoheshimiwa kuwa ya Mamajusi Watatu, zawadi ya Kaizari Frederick Barbarossa baada ya mji ule kushindwa vitani. Mahujaji wakamiminika. Hadi leo nembo ya Köln ina mataji matatu ya Mamajusi na matone kumi na moja ya Ursula na wenzake. Mji umeyabeba masalia yake kwenye muhuri wake wa kiserikali.

Mifupa iliyochongwa ni ya nani? Isije ikawa ya binadamu?

Hapana. Ya binadamu ilikuwa ndani. Ya nje ni ya wanyama, na hasa ng'ombe. Mchongaji alitafuta mfupa mrefu wa mguu, ule ulio chini ya goti kuelekea kwato. Aliyewahi kula supu ya makongoro ameushika mkononi: umenyooka, mgumu, una upande mmoja ulio karibu na kuwa bapa, na katikati una tundu la uboho. Ulipatikana machinjioni kwa bei ndogo, na Köln ulikuwa mji mkubwa uliokula nyama nyingi.

Tundu lile la uboho ndilo lililoamua sura ya sanaa hii. Ukuta wa mfupa ni wa milimita chache tu, kwa hiyo sanamu haiwezi kutokeza sana. Ukipasua mfupa unapata kipande chembamba na kirefu, chenye upana wa vidole viwili hivi. Sasa mtazame tena mtume aliyesimama chini ya tao: mwembamba, mrefu, mikono imebanwa kifuani, nguo zimeshuka wima. Watu husema mchongaji hakujua vipimo vya mwili. Mimi nasema alivijua vizuri vipimo vya mguu wa ng'ombe.

Kwa nini hawakutumia pembe za ndovu?

Hapa hadithi inafika nyumbani kwetu, na kwa ukweli, wala silazimishi.

Kaskazini mwa milima ya Alps, katika karne ya 12, pembe za ndovu zilikuwa adimu mno. Wachongaji wa huko mara nyingi walitwaa pembe kuukuu za enzi zilizopita wakazikwangua na kuzichonga upya. Kumbe pembe zenyewe zilikuwepo duniani, ila zilikuwa zinakwenda kwingine. Msafiri al-Mas'udi, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Wazanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Akaongeza kwamba lau si soko hilo, pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. Ikiwa Baghdad ilikosa, Köln ingepata wapi?

Wenye fedha waligeukia meno ya walarasi, yule mnyama mkubwa wa bahari ya barafu, yaliyoletwa kwa meli kutoka Greenland na Norway. Köln ilikuwa na wachongaji hodari wa meno hayo. Kasha la Hochelten, lililoko London katika makumbusho ya Victoria and Albert tangu 1861, ni la mbao, shaba iliyotiwa dhahabu na enameli (rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya chuma), na watu wake wamechongwa kwa meno ya walarasi. Mfupa wa ng'ombe ukabaki kwa parokia, monasteri ndogo na wanunuzi wa kawaida.

Katika karne ya 13 mambo yalibadilika. Pembe kubwa za ndovu wa savana zikaanza kuingia Ufaransa kwa wingi, na watafiti wa biashara hiyo wanazifuatilia nyuma kupitia Misri na Aden hadi bandari za Waswahili, Kilwa ikiwa mojawapo. Wachongaji wa Paris wakapata umaarufu wao kwa pembe hizo. Karibu na wakati huohuo karakana za mifupa za Köln zilinyamaza. Sisemi jambo moja ndilo lililoua lingine, lakini ukisimama katika chumba chenye kisanduku cha mfupa upande mmoja na Bikira Maria wa pembe wa Paris upande mwingine, unaona biashara ya Bahari ya Hindi bila kuhitaji ramani.

Kisanduku kilitengenezwaje, hatua kwa hatua?

Kwanza mfupa ulisafishwa mafuta, kwa sababu mfupa wenye mafuta hugeuka njano na kunuka. Vichwa vya mfupa vilikatwa kwa msumeno, shina likapasuliwa kwa urefu, na kila kipande kikasawazishwa kwa tupa hadi kikalala juu ya mbao bila kucheza. Ukibahatika kuona mgongo wa kipande kilichobanduka, utaona bado pana mkunjo kidogo na vitundu kama vya sifongo, mahali uboho ulipokuwa.

Mtawa aliyejiita Theophilus, aliyeandika mwongozo wa ufundi mwanzoni mwa karne ya 12, anaeleza kazi hii kwa maneno ya mtu aliyeifanya. Paka chaki kwenye kipande. Chora watu kwa risasi. Pitisha chuma chembamba juu ya michoro ili ionekane vizuri. Kisha chimba kandokando yao kwa vyuma mbalimbali, kwa kina unachotaka. Anafundisha pia kuupaka mfupa rangi nyekundu ya mizizi.

Macho yalitobolewa kwa keekee, tundu moja kwa kila jicho. Ndiyo maana mitume hawa wote wanakukazia macho. Mikunjo ya nguo ni mistari iliyokwanguliwa sambamba. Kwenye pindo za kisanduku utakuta vile viduara vyenye nukta katikati, safu baada ya safu. Hivyo vilichorwa kwa chuma chenye ncha mbili: moja inatulia, nyingine inazunguka, kama bikari. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angeweza kupewa kazi hiyo, na nadhani alipewa, kwa sababu kuna mahali viduara vinapandana na kuna mahali vimekimbiana.

Wale watu chini ya matao ni akina nani?

Mara nyingi ni mitume, na hesabu yao ya kumi na wawili inagawanyika vizuri kwenye kuta nne. Petro hutambulika kwa ufunguo. Wengine wameshika kitabu au ukanda wa maandishi, na bila rangi na majina yaliyofutika hatuwezi kuwatofautisha. Huwepo pia manabii, na Kristo ameketi katika utukufu. Matao yanasimamia Yerusalemu ya mbinguni, mji wa malango kumi na mawili katika kitabu cha Ufunuo. Mtakatifu aliyelazwa ndani amelazwa mjini kwake.

Mbona vinafanana hivyo?

Kwa sababu vilitengenezwa kwa mfululizo. Karakana ilichonga mitume wengi kwa vipimo vilevile, nguzo nyingi, pindo nyingi, kisha mteja alipokuja ikaunganisha: ukitaka sanduku, tunafunika sanduku, ukitaka mnara, mitume walewale wanasimama kuuzunguka mnara. Wataalamu wa Kijerumani huzungumzia karakana kubwa moja ya mifupa ya Köln, au kundi la karakana zilizotumia mifano ileile.

Wapo wanaovishusha thamani kwa hilo. Sikubaliani nao kabisa. Monasteri maskini ya watawa wa kike haikuwa na uwezo wa kumwita Nicholas wa Verdun, sonara aliyeipa Köln kasha la dhahabu la Mamajusi. Kisanduku hiki ndicho kilichoiwezesha kumpa mtakatifu wake nyumba yenye mitume kumi na wawili mlangoni.

Vilikuwa vyeupe hivi tangu mwanzo?

La. Kwenye visanduku vingi yamebaki mabaki ya rangi na dhahabu ndani ya mikwaruzo, hasa nyuma ya shingo na kwenye mikunjo ya nguo ambako vitambaa vya kusafishia havikufika. Weupe tunaousifu leo ni kazi ya miaka na sabuni. Madoa ya kijani kandokando ya matundu ni kutu ya misumari ya shaba, na ni jambo la kufurahia: yanaonyesha msumari ulikaa hapo muda mrefu.

Nitautambuaje mfupa na pembe ya ndovu kwa macho?

Lete kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoadoa na vimistari vifupi vyeusi, ambavyo ni njia za mishipa midogo ya damu iliyojaa uchafu. Pembe ya ndovu haina. Ikikatwa kwa upana, pembe huonyesha mistari inayopishana kama ukili uliosukwa. Jino la walarasi lina kiini chenye mabaka kama marumaru. Macho yakishindwa, maabara hupima protini ya kolajeni kutoka kwenye chembe ndogo sana na kutaja aina ya mnyama.

Vyote vilitengenezwa kwa ajili ya masalia?

Si vyote. Vingine huenda vilianza kama visanduku vya vito au vitana vya mwanamke wa ukoo mkubwa, kisha akavitoa sadaka kanisani. Kufuli na bawaba havisemi kilichofungiwa.

Vilifikaje kwenye makumbusho?

Jeshi la Ufaransa liliingia Köln mwaka 1794, na mwaka 1802 monasteri za mji zikafungwa. Vyombo vya kanisa vikaangukia mikononi mwa yeyote aliyekuwepo. Mkusanyaji mmoja wa Köln, Baron von Hüpsch, aliyefariki mwaka 1805, aliusia mali yake kwa mtawala wa Hesse-Darmstadt, dola ndogo ya Ujerumani, na ndiyo sababu kazi nzuri za Köln ziko Darmstadt. Baadaye padre Alexander Schnütgen alitumia maisha yake akiokota vitu vya ibada vilivyotupwa kwenye dari na stoo za makanisa, na mwaka 1906 akavikabidhi kwa mji. Makumbusho yenye jina lake yako ndani ya kanisa la kale la Mtakatifu Sesilia.

Katika karne ya 19 visanduku vingi vilitengenezwa upya kwa vipande vya vingine, na wajanja walichonga vya bandia. Usinunue kwa kutazama picha.

Je, kuna vilivyowahi kuibwa?

Kisa maarufu ni cha kanisa la Quedlinburg, Ujerumani, ingawa kasha lake ni la pembe ya ndovu na la zamani zaidi, la karne ya 9. Lina mitume chini ya matao na alama za nyota za zodiaki juu ya vichwa vyao. Mbele limepachikwa kito cha zambarau kilichochongwa kichwa cha Dionisio, mungu wa divai wa Wagiriki, na waliolipamba karibu na mwaka 1200 hawakuona tatizo lolote kumweka hapo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hazina ya kanisa hilo ilifichwa pangoni. Mwaka 1945 luteni Mmarekani, Joe Tom Meador, alichukua vitu kadhaa, kasha hili likiwemo, akavituma kwao Whitewright, Texas, kwa posta ya jeshi. Alifariki mwaka 1980 bila kusema lolote hadharani. Warithi walipojaribu kuuza, siri ikafichuka. Wajerumani wakalipa fedha ili virejeshwe, na mwaka 1993 vingi vikawa vimerudi Quedlinburg. Inauma kwamba mwenye mali alilazimika kulipia mali yake, na wasomaji wetu wenye vitu vya mababu katika makumbusho ya ng'ambo wataelewa uchungu huo bila kufafanuliwa.

Vinatunzwaje?

Adui mkubwa ni hewa kubadilika. Mbao hujaa maji na kukauka kwa mwendo wake, mfupa kwa mwendo wake, na kati yao msumari unang'ang'ania vyote viwili. Matokeo ni nyufa za wima zinazopita katikati ya mtume kuanzia paji la uso. Kwa hiyo kabati hufungwa, unyevu hudhibitiwa, na taa huwa hafifu.

Nikitaka kukiona, niende wapi, na nitazame nini?

Anza na Makumbusho ya Schnütgen, Köln, kisha Darmstadt. Ukiwa London nenda Victoria and Albert. Ukiwa New York, makumbusho ya Metropolitan.

Ukifika, usisimame wima. Inama hadi jicho lako liwe sawa na ukingo wa kifuniko, taa ikiwa upande. Nakshi zitainuka kutoka kwenye mfupa na utayaona matundu ya keekee katika macho. Tafuta mahali kipande kimepotea: mbao tupu, nyeusi kidogo, yenye vitundu vinne vya vijiti. Mara nyingi karibu na vitundu hivyo pana mkwaruzo mwembamba ulionyooka, mstari ambao fundi alijichorea ili ajue mtume wake atasimama wapi.